Peasi la Ndoo ya Tatu

Nyumba ya Mlinzi,
Lango la Msitu.
Jumatatu, tarehe 9.

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na nane. Nimewazika wakuu wa msitu watatu, mbwa wanne, na daktari aliyesema sivuki hamsini. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Goti lako vipi? Sisi wazima wa mwili, ila nimepigwa na butwaa.

Misonobari yetu ya asili, ile isiyopandwa na mtu, inakufa. Majani yanageuka manjano, shina linavuja utomvu, basi. Imekwisha kufa thelathini na mmoja. Nilisema ni jua, na nani anaujua msitu huu kunizidi mimi? Nikaitibu mwenyewe. Kila asubuhi nikitoka mti mgonjwa naenda mzima, nachimba shinani upate kupumua.

Mwezi jana akaja binti wa maabara na ndoo tatu. Akatia udongo, maji, na tunda la peasi moja moja likielea juu.

"Unapika nini, binti yangu?"

"Natega, babu. Kuna kijidudu cha udongoni kinakula mizizi. Kikiwemo, peasi litaota madoa."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndoo ya kwanza udongo wa mti mgonjwa, ya pili wa mti mzima. Ya tatu akaomba tope la viatu vyangu. Nikamwambia akwangue vizuri, hivyo vimekanyaga msitu wote. Nilikuwa najisifu.

Siku ya tano tukatazama. La kwanza lina madoa ya kahawia. La pili safi. La tatu, mdogo wangu, madoa yamelienea lote.

Nikasema amechanganya ndoo. Akarudia na mapeasi mapya. Yakatoka vilevile.

Ule msonobari mkubwa, baba alipotupimia vimo kwa kisu, nilichimba pale wiki ileile aliyokuja binti, na viatu hivyohivyo. Bado majani yake ni ya kijani. Udongo wake uko ndooni, leo siku ya tatu. Sijathubutu kuchungulia.

Viatu ulivyonitumia ni imara, kosa si lao. Vimelowekwa kwenye dawa hapa langoni, nami nakaa navyo. Siingii msituni.

Msalimie mkeo, na yule mtundu wenu wa mwisho. Mungu awalinde ninyi pamoja na mizizi yenu.

Ukidhani natia chumvi, muulize shemeji yako, mke wangu. Ndiye aliyeandika namba za ndoo kwa mkono wake, na ndiye atakayefunua hiyo ya msonobari wa baba Jumatano, siku ya tano.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako