Saksafoni Si Yako, Baba

Tarehe 4 Machi

Baba, shikamoo.

Magoti yanasemaje? Mama nilimsikia juzi kwenye simu akicheka, kwa hiyo yeye simuulizi. Mimi nipo, ila mgongo unanidai mapumziko. Wiki ya tatu sasa tunabandika vigae kwenye jengo la ofisi, ghorofa kwa ghorofa, na nyundo ya mpira imenichubua kiganja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Nataka kununua saksafoni, tenori kama ile uliyokuwa ukipiga kwenye bendi. Nataka mpya, isiyovuja upepo, yenye vitufe vinavyotii vidole. Lakini sauti iwe ya zamani, ile yako nene, yenye ukungu pembeni. Dukani zipo tatu za kuchagua. Wewe ungeangalia nini?

Mwanao wa pili


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananuna lakini yanatembea. Mama yako mzima, anakuombea.

Usininunulie saksafoni. Meno ya mbele yamebaki mawili, tena hayasemezani. Nitapuliza na nini? Ile yangu nilimpa kaka yako nilipoacha bendi, akaiweka juu ya kabati mpaka ikaota kutu ya kijani. Habari ya saksafoni kwangu iliishia pale.

Isitoshe, hizi mpya ni redio. Zinaimba kabla hujaziomba. Ukitaka kuijua iliyo nzuri, puliza noti ya chini kabisa kwa pumzi ndogo. Nyingi zitakoroma. Ikikubali kunong'ona, hiyo ina akili. Lakini usinunue. Nunua godoro, mgongo upone.

Baba yako


Tarehe 20 Aprili

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote. Mimi mzima, na godoro ninalo.

Nani kasema saksafoni ni yako? Ni yangu. Ya kupiga mimi. Miaka miwili sasa fundi bomba wa hapa kazini ananifundisha kwa kuniazima yake, saa ya chakula, kwenye ngazi za jengo. Sikukuambia kwa sababu jibu lako nililijua tangu nina miaka tisa. "Itakupinda mdomo," ulisema, "nani atakuoa?" Ukampa kaka, ambaye hata mluzi hajui. Baba, sijaolewa, na mdomo umenyooka. Basi saksafoni haikuwa na kosa.

Nilikwenda dukani na viatu vya kazi, saruji mpaka kwenye kope. Muuzaji akaniuliza, "Mume wako anapiga muziki gani?" Nikamwambia, "Mume wangu hapigi chochote, hajazaliwa. Lete ya kwanza."

Ya kwanza ilikuwa ya zamani kweli, tangu enzi zako. Sauti tamu, lakini vizibo vya ngozi vimechoka, kila noti inavuja. Ya pili mpya, inang'aa kama kijiko cha harusi. Noti zote sawasawa, hakuna inayojua nyingine imesema nini. Ya tatu nayo mpya, ila bomba lake wamelitengeneza pana kwa mtindo wa zamani, na shaba hawakuipaka rangi ya kung'aa. Ukiishika inaacha harufu mkononi.

Nikaigonga kwa ukucha. Usicheke. Hapa kazini mimi ndiye ninayepita kugonga vigae sakafu ikishakauka. Kilichokaa vibaya kinalia kitupu, tunaking'oa. Msimamizi wetu, tunamwita Pembe Nne, haamini sikio la mtu mwingine ila langu. Ile ya tatu haikulia kitupu popote. Nikapuliza noti yako ya chini, kwa pumzi ndogo. Ikanong'ona.

Nimeshaichukua. Sikuombi ruhusa.

Mwanao


Tarehe 2 Agosti

Baba, shikamoo.

Miezi mitatu kimya. Mama anasema barua uliisoma mara mbili, ukaiweka chini ya mto. Sawa. Nilizoea kunyimwa jibu kabla sijazoea kuvaa viatu. Mimi napiga kila siku. Pembe Nne alinikataza kwa siku moja, kisha akaja mwenyewe kula mkate wake kwenye ngazi.

Mwanao


Tarehe 25 Agosti

Mwanangu,

Sijambo, wala usiulize magoti.

Ndani ya kifurushi utakuta kipulizio, kile kipande cheusi cha kuingiza kinywani. Ni changu. Kabla ya kumpa kaka yako saksafoni nilikichomoa nikakificha. Nilimpa yeye kwa sababu nilijua hataipiga.

Habari ya mdomo kupinda niliitunga. Siku moja ulipokuwa na miaka tisa nilikuwa bafuni naoga, ukaichukua bila kuomba, ukapuliza noti ile ya chini. Ikanong'ona. Mimi ilinichukua mwaka mzima kuipata. Nilisimama na povu kichwani, nikaona wivu kwa mtoto wangu mwenyewe. Nikatoka nikakugombeza.

Kiweke kwenye hiyo yako. Sauti unayoitafuta imo humo.

Baba yako


Tarehe 30 Septemba

Baba, shikamoo.

Kifurushi kimefika salama. Nimesoma barua yako nimekaa juu ya mfuko wa saruji, na nikaisoma tena nikiwa nimesimama.

Nimekiweka. Sauti ilikuwa wewe kabisa. Fundi bomba aligeuka kuangalia nani kaingia. Nikapiga wimbo mzima nikiwa wewe, na machozi yalinitoka, sikufichi. Halafu nikakitoa.

Alama za meno yako zimechimba humo, Baba. Yangu hayaingii, yanateleza kutafuta njia yako. Dukani nilidhani naitafuta sauti yako. Kumbe nilitafuta ile noti ya siku ile, na ile ilikuwa yangu. Nakurudishia kipulizio humu kwenye bahasha. Kiweke chini ya mto, karibu na barua.

Usidhani nimekusamehe kwa sababu umesema kweli. Miaka ishirini na tisa tangu siku ile si likizo. Nitakusamehe nikipenda, siku nitakayopenda.

Mwezi wa kumi na mbili nakuja, na saksafoni mgongoni. Kaka ataushika mfuko wa saksafoni, kazi hiyo anaiweza. Wewe utakuta nimeshakuwekea kiti sebuleni. Nitaanza na noti ya chini. Na safari hii, Baba, huendi kuoga.

Mwanao, yuleyule