Jina Langu Dukani, Mafundo ya Mwanaidi

Korogwe, Jumapili jioni, mwezi wa Mfungo Tano.

Hakuna mvua. Tangu Alhamisi mawingu yamekaa juu ya milima ya Usambara, yanatutazama tu, wala hayashuki. Nimerudi kutoka Bungu kwa miguu na vumbi la njia bado limo masikioni. Mke sina, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Naandika juu ya sanduku langu la bati, katika daftari hili ambalo lilikuwa la shamba la mkonge kabla panya hawajalila pembeni na bwana shamba kulitupa.

Moyo wangu ni mzito. Niseme wazi kabla sijaanza kujipamba: kwa siku tatu hizi nimejua kwamba mimi si mtu wa kuaminika. Na nilikuwa sijui.

Chanzo cha yote ni mdogo wangu, Mwanaidi. Mwaka ule nzige walipomaliza mashamba alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, na mimi ndiyo kwanza naanza kuota ndevu. Mama alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani kwetu Kwamsisi hata panya walikuwa wamehama ghalani. Mjomba Mhando akamshika Mwanaidi mkono, akapanda naye Bungu, akamweka rehani kwa Mzee Shemndolwa, Msambaa mwenye mahindi. Kwetu Uzigua mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, na wakati wa njaa mtoto huenda kula na kufanya kazi kwa mwenye chakula mpaka wenyewe wamkomboe. Nyumba nyingi zilifanya hivyo. Nyingi zilikomboa watoto wao mvua ziliporudi.

Mjomba hakukomboa, kisha akafa.

Kumtoa Mwanaidi ni rupia thelathini. Mwezi uliopita Mzee Shemndolwa alituma neno: mpwa wake anamtaka binti, na mvua ya vuli ikianza harusi itafanyika. Mtu wa rehani akiolewa huko kabla ya kukombolewa, ndiyo basi. Watoto wake ni wa ukoo wa huko, na sisi hatuna la kusema. Nilikwenda kulalamika kwa akida wa serikali. Akida aliniambia huo si utumwa, ni mambo ya jamaa, nilipe nikamchukue, kisha akauliza kama nimemletea kuku.

Nilikuwa na rupia kumi na nne ndani ya mto ninaolalia. Kwa hiyo Ijumaa, baada ya swala, nikaenda dukani kwa Bwana Hirji karibu na stesheni, nikope kumi na sita.

Nilikwenda kifua mbele. Mimi ni karani, nahesabu mafungu ya mkonge yanayotoka shambani, na watu huniamkia. Miaka minne nimenunua kwa Hirji sukari, sabuni na mafuta ya taa, kila mara fedha mkononi. Wenzangu shambani wanakula kwa daftari lake, na vipande vyao, zile kadi za kazi, vikijaa siku thelathini mshahara unapita kwanza dukani. Nilikuwa nawacheka. Mimi hata sindano sijawahi kukopa, na nilidhani huo ndio usafi wenyewe.

Hirji ni Mhindi, ila amezaliwa Pangani na Kiswahili chake kinanizidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani kwa ncha ya shuka yake, akafungua daftari lenye maandishi ya kwao.

"Karani," akasema, "jina lako limo humu mwaka wa pili huu. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo ningependa kulisahau. Mjomba alipokufa nilirudi Kwamsisi nikiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya. Siku ya kuondoa tanga, kama ilivyo ada, ilibidi mmoja wa jamaa asimame aseme kwamba anayemdai marehemu asinung'unike pembeni, ajitokeze. Aliyepaswa kusimama ni Semboja, mtoto wa mjomba, ambaye ndiye mrithi. Lakini Semboja ana kigugumizi na alikuwa amevaa shuka chakavu. Nikasimama mimi. Nikasema kwa sauti: anayemdai marehemu aje kwangu, deni lake ni langu, ukubwa wake wowote. Wazee wakaitikia vizuri. Bibi mmoja akasema kumbe shule ni kitu. Hakuna aliyejitokeza, tukala pilau, nikarudi Korogwe nikijiona mtu mzima.

Sikusimama kwa ajili ya mjomba. Nilisimama ili nionekane.

Mdomo huponza kichwa. Miongoni mwa waliokula pilau ile alikuwamo mchuuzi mmoja wa Kwedizinga, anayechukua bidhaa kwa Hirji. Alipofika dukani akasimulia. Hirji, ambaye alikuwa akimdai mjomba rupia kumi na moja, akalihamisha deni siku ile ile, akaandika jina langu juu yake. Kisha akangoja. Kila wiki akaniona nikiingia, nikimsalimu kwa bashasha, nikinunua sabuni kwa fedha taslimu, nikitoka. Nilipokuwa nadhani najenga heshima, yeye alikuwa anamtazama mtu aliyelichukua deni matangani, akawa na fedha mfukoni, wala halitaji.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema deni la kujitwika mwenyewe mbele ya watu halidaiwi, hungojewa.

Kisha, kwa upole uliouma kuliko tusi, akanieleza jinsi anavyompima mtu. Haangalii una rupia ngapi, kwa sababu mwenye rupia anaweza kupanda nazo gari la moshi asionekane tena. Anaangalia kama ulikuja siku uliyoitaja. Na kama hukuweza, je, ulikuja hata hivyo kusema umeshindwa, au ulianza kupitia njia ya nyuma ya duka? Maskini anayechelewa na kuja kusema, humkopesha tena. Asiyekopa kabisa, kama mimi, hana la kumwambia. Nikasema basi nitakwenda Mombo kwa mwenye duka mwingine. Hirji akatabasamu kidogo. Wao huulizana, akasema, barua moja tu inatosha, na barua inafika kabla yangu kwa sababu haisimami njiani kunywa maji.

Alinifungulia mlango mmoja. Ningeweza kusema yale yalikuwa maneno ya matangani tu, kila mtu huyasema, deni liende kwa Semboja. Angelifuta jina langu na tusingegombana. Ila nisingemwomba tena mkopo wowote.

Hasira ilinipanda. Mjomba ndiye aliyemweka Mwanaidi rehani, na sasa nilipe madeni yake kwa fedha za kumkombolea Mwanaidi? Nikauliza kwa sauti ambayo wateja waliisikia: alikula nini humu huyu mzee, kwa rupia kumi na moja?

Hirji akasoma kwa kidole. Majembe mawili. Chumvi. Kisha vitu vya siku moja, mwaka ule ule wa njaa: merikani ya kanzu ya kijana, kofia moja, sanduku moja dogo la bati.

Sanduku hili ninaloandikia.

Nilikwenda nalo shule ya serikali Tanga. Nakumbuka mjomba alilibeba kichwani mpaka njia panda na hakuniambia limetoka wapi, nami sikuuliza. Nilidhani vitu hutoka kwa mjomba kama maji yanavyotoka kisimani. Mwanaidi alipanda mlimani na nguo aliyovaa, na mimi nikashuka pwani na sanduku.

Nililipa. Nilizihesabu rupia kumi na moja juu ya meza ya Hirji. Akaandika, akageuza daftari, akanitaka nitie sahihi, nami nikatia jina zima, Athumani bin Mgaza, kwa mwandiko mzuri niliofundishwa Tanga. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa matangani kabisa, harusi ni ya mtu mwingine.

Hirji hakunifukuza. Alisema nianze upya kwa vitu vidogo: nikope, nitaje siku, nirudishe siku ile. Nifanye hivyo miezi mitatu bila kuteleza, naye atanipa rupia ishirini na saba nzima. Nilimweleza habari za Mwanaidi. Akatazama chini. Ana mabinti watatu. Lakini miezi mitatu haikupungua.

Jana kengele ya mchana ilipolia nikapanda Bungu na rupia zangu tatu. Nilifika magharibi, baridi imekwisha kuingia. Nilimsalimu Mzee Shemndolwa shikamoo, akaniitikia vizuri, akanipa ugali na mboga za majani na mahali pa kulala. Si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya. Nilimwomba angoje mpaka maharage yavunwe. Akachokoa moto.

"Mwanangu," akasema, "mjomba wako naye aliniomba hivyo hivyo. Alikaa hapo hapo ulipokaa."

Nilimpa zile rupia tatu ziwe mwanzo. Akazirudisha. Alisema mtu hakombolewi vipande vipande, nilete zote au nisilete. Atazungumza na mpwa wake. Hakukubali, wala hakukataa.

Asubuhi nilimkuta Mwanaidi kinuni. Amekuwa mrefu kuliko mimi, na maneno yake yamejaa Kishambaa mpaka mengine yalinipita. Nilianza hotuba yangu. Nilikuwa nimeipanga njia nzima: kwamba safari hii ni kweli, kwamba nimekwisha safisha jina, kwamba baada ya miezi mitatu. Akaweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka na ugwe wa mgomba.

Ulikuwa na mafundo matano.

Akanionyesha moja moja. Hili ni Idi ile nilipokuja na mjomba, nikasema mwakani. Hili ni nilipomaliza shule. Hili ni nilipopata ukarani, nikamletea ushanga, nikasema mwakani. Mimi nilikuwa nakumbuka mara mbili tu. Yeye hajui kusoma wala kuandika, lakini hakukosea hata moja, na alijua kila mara nilivaa nini.

Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu alikuwa hanilaumu. Alikuwa ananionyesha tu.

"Kaka," akasema, "safari hii sifungi fundo. Usinitajie siku. Ukija na rupia nitakuona. Na ukikuta nimeolewa, pita unisalimu."

Kisha akanifungia viazi vitamu viwili kwenye jani, akaushika mchi. Nilikaa kidogo nikimtazama anavyotwanga, nikaondoka bila kutaja siku. Ni mara ya kwanza nimeondoka Bungu bila kutaja siku. Viazi viko hapa karibu na taa, sijavila.

Njia nzima ya kushuka nilikuwa nahesabu kwa vidole, na hesabu ndiyo kazi yangu. Hirji anataka miezi mitatu. Mpaka vuli ianze hakufiki mwezi. Mpwa wa mzee asipokubali kungoja maharage, ninapungukiwa. Jioni naweza kuwaandikia watu barua kwa heleri chache, na naweza kuomba kazi ya kukata mkonge Jumapili. Bado ninapungukiwa. Nimerudia mara nne.

Kesho, kabla ya kengele ya kazi, nitakwenda kwa Hirji kukopa kibaba cha chumvi. Chumvi ninayo, kibuyu kimejaa. Nitakopa hivyo hivyo, nitasema Jumatano, na Jumatano nitalipa. Kisha sabuni. Wale niliokuwa nawacheka watanicheka, na wana haki. Baada ya hapo nitaandika barua kwa Semboja nimwambie deni la baba yake limekwisha, na kwamba siku ile ya tanga ilikuwa zamu yake kusema, si yangu.

Nje jirani yangu mama Zaina anazungumza na mumewe habari ya mbegu. Wamekwisha lima, wanangoja tu. Bonde zima linangoja. Asubuhi msikitini watasoma dua ya kuomba mvua, na mimi nitakuwa safu ya mbele kama kawaida yangu, mikono juu, nikiitikia amin.

Mungu anisamehe. Moyoni nitakuwa naomba isinyeshe bado.