Kuku wa Kioo wa Bi Zuhura

Shangazi, shikamoo, na salamu kwa wote hapo Muheza!

Nimemwona! Kuku wa kioo cha kijani, wa zamani, mdogo kama limau, mgongoni ana tundu la kuwekea vijiti vya meno. Wewe unayesema naokota vikorokoro, huyu ungemwokota kabla yangu.

Ni wa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge hapa Ifakara. Mvua ilinikuta dukani kwake, akanikaribisha chakula cha mchana. Wali wa mchele mpya wa bonde hili unanukia mpaka barabarani, na juu yake kambale wa nazi! Akapanga sahani za maua za marehemu mama yake, na katikati akamweka kuku. Tonge likiwa bado mdomoni, nikauliza bei.

Akaacha kupakua. "Mwanangu, chombo cha kumkaribishia mgeni hakiulizwi bei."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini wakati wa kuaga akanipa kifurushi cha khanga. Ndani yumo kuku, amejazwa mchele hadi shingoni. "Simuuzi. Nimekupakulia tu, kama jirani. Chombo cha jirani unajua kinavyorudi."

Najua, Shangazi, ulinifundisha wewe: hakirudi kitupu. Basi nichagulie iliki zako nzuri, za kujaza tumbo la kuku mmoja. Nakuja naye umwone na kumshika, kisha namrudisha kwao.

Ila usije ukamficha kabatini. Nakujua!

Mwanao akupendaye,
Saumu