Unga Mweupe wa Mulenga

KITUO CHA POLISI, SOKO LA MUTOBWE, KITWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lackson Kampamba. Umri: miaka 49. Kazi: zamani mchimbaji wa shaba, sasa mwanafunzi wa kemia na biokemia, mwaka wa mwisho. Makazi: Kitwe, pamoja na binti yangu Mulenga.

Mulenga ninasoma naye darasa moja. Ndiyo, afande, mtoto niliyembeba mgongoni. Mgodi uliponipunguza kazini, yeye ndiye aliyesema, "Baba, badala ya kukaa unagombana na redio, twende wote chuoni." Darasani wananiita Babu. Hesabu za kemia amenifundisha yeye, tena kwa ukali, na ninampenda kupita kiasi.

Leo tarehe 14 Novemba, asubuhi, tulikuwa tukienda kwenye mtihani wa kuwasilisha utafiti. Kila mtu na utafiti wake, sote saa nne. Asiyetokea hurudia mwaka. Penye lango la soko tukakuta askari wanapekua mifuko wakitafuta dawa za kulevya. Katika mkoba wa Mulenga wakatoa vipakiti vya unga mweupe.

Askari aliyeushika alikuwa na jina JERE kifuani. Jere ni jina la Wangoni, na Wangoni ni watani wetu sisi Wabemba. Hata msibani tunatupiana maneno: wao wanatuita wala nyani, sisi tunawaita wala panya. Aliponiuliza, "Mzee, hii nini?" nikamjibu, "Sumu ya panya. Leo nyumbani kwenu mtalala bila kitoweo!"

Nilicheka peke yangu. Kumbe Jere ni jina la mumewe. Yeye mwenyewe ni wa kabila la Walozi, wala hana utani na mimi. Akasema, "Sumu, eeh? Basi twendeni kituoni."

Mulenga alinikata jicho. "Baba, huo mdomo wako!"

Hapa kituoni alimweleza mkuu wa kituo kwamba unga ule umetoka kwenye mizizi ya munkoyo, ileile tunayotia kwenye uji kupata kinywaji. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyokatakata wanga, na yeye amevitoa na kuvikausha. Mkuu akacheka. "Munkoyo naujua tangu utotoni. Hauko mweupe hivi." Akaagiza uji mzito kwa mama anayeuza pale nje, akamwaga unga humo uji ukiwa bado unatokota. Ukabaki mzito vilevile.

"Haya, msomi," akasema. "Vua viatu, uingie ndani."

Mwanangu hakugusa viatu. "Afande, umeviua kwa moto. Kwani bibi yako alikuwa anatia mizizi kwenye uji wa moto? Lete mwingine, tuuache upoe mpaka uwe vuguvugu."

Tukasubiri. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Mulenga akatia unga, akakoroga, na baada ya muda uji ukaanza kulegea, ukawa majimaji, unatiririka kwenye kijiko. Mkuu akauonja. "Alaa! Umekuwa mtamu!"

Akamwachia, ila akasema mmoja wetu abaki kuandikisha maelezo. Ilikuwa inakaribia saa nne.

Mulenga akasema, "Nenda wewe, Baba. Mimi bado kijana, nitarudia."

"Utarudia kwa kosa la mdomo wangu? Hebu nitokee hapa!"

Alinikumbatia mbele ya askari wote, kisha akakimbia.

Sasa saa nne imepita. Nadhani amesimama mbele ya watahini na unga wake, na mimi hapa nataka kulia, kwa fahari na kwa uchungu. Mwaka mwingine darasani bila yeye utakuwa mrefu. Niliyoyaona na kuyasema asubuhi hii ni hayo, na ni kweli.

Sahihi: L. Kampamba

Maoni ya mwandikaji: Shahidi amesomewa maelezo, amekubali kuwa ni sahihi. Konstebo Jere ameomba ruhusa ya kumsindikiza chuoni mara moja, akawaeleze watahini yeye mwenyewe kwa nini mwanafunzi huyu amechelewa. Ruhusa imetolewa.
Sajini B. Siwale.