Maandishi Matupu Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Bawabu – ndivyo tunavyomwita fundi wetu wa kompyuta – amebadilisha mipangilio ya mashine zote za chumba cha habari. Kitu chochote kitokacho nje kinaomba ruhusa kwanza kabla ya kufunguka, hata picha. Programu ndiyo haianzi kabisa: ukibofya, inafunguka kama maandishi matupu, alama juu ya alama. Mwandishi wa michezo ameuliza kama picha za mechi nazo zinahitaji viza.

Jumanne, 4 Machi
Kwa ruhusa hizo za kila picha, gazeti limechelewa mtamboni dakika kumi na tano. Mhariri mkuu ameamuru kila kitu kirudishwe kama zamani. Nimekataa. Mashine yangu ina jina la karani wa maabara anayenipa kwa siri vipimo vya maji ya mto, pale chini ya kiwanda cha ngozi. Likivuja, kazi hana. Mhariri amesema naogopa kivuli changu. Tumevutana saa nzima, kisha tukakutana katikati: picha na barua zifunguke papo hapo, programu za nje zibaki zimefungwa. Kwa majaribio, mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi
Tumeshinda!

Saa nne asubuhi, barua pepe. Mtumaji: "Maabara". Faili: "Vipimo vipya". Nimebofya. Miaka ishirini na sita kazini, nimebofya kama mtoto aliyeona peremende. Yakatokea maandishi matupu. Bawabu ameyasoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Ni programu ya kukusanya majina na mawasiliano yote kwenye mashine na kuyapeleka nje. Haijapeleka hata moja. Aliyeituma anajua kuna mtu maabara – hajui nani. Na leo hajajua.

Mwandishi wa michezo amemletea Bawabu soda, eti ampigie muhuri pasipoti. Gazeti limewahi mtamboni dakika nane.

Ijumaa, 7 Machi
Mhariri ametangaza mbele ya wote: mpangilio ni wa kudumu. Radhi hakuomba. Amenivutia kiti, yatosha.

Saa nane mchana, faili jingine. Safari hii anwani ni ya karani mwenyewe. Vipimo vya Februari – ndivyo pekee tunavyosubiri kwa ukurasa wa kwanza. Mashine imeshindwa kuona kilichomo ndani, imelizuia. Bawabu anasema huenda karani amelifunga kwa nywila tu, huenda ni mtego kama wa jana. Kuliruhusu ni mbofyo mmoja. Ukurasa uko mweupe, mtambo unangoja. Mhariri ameinama begani kwangu, ameshika kipanya.

Ameuondoa mkono mwenyewe. Ameutia mfukoni.

"Mpigie kwanza, dada."

Simu inaita. Mara ya tatu. Hakuna anayegusa kitu.