Bao Limehamia Banda la Sigara

Jumanne usiku

Nacheka peke yangu, mpaka baba Mwanaidi kaniuliza nina nini.

Lile banda la wavuta sigara lililojengwa mwisho wa stendi halikuwa na mtu. Wanaume walibaki kuvuta karibu na meza yangu ya vitumbua, maana bao lao la kete lilikuwa pale. Na Mwanaidi wangu, na pumu yake, akitoka shule hukaa na mimi, anakohoa mpaka machozi. Nilishaanza kufikiria niache biashara.

Leo asubuhi nikalibeba lile bao, nikaliweka bandani.

Mzee Mdoe, mpiga debe, kaja kushangaa. "Mama Mwanaidi, bao letu limeota miguu?"

"Shikamoo babu. Limefuata kivuli."

"Marahaba. Mwizi wewe." Huyoo akaenda, na wenzake wote nyuma yake na sigara zao.

Jioni wakaita chai kutoka kule. Nikawapelekea mwenyewe, nimeziba pua na mtandio, wananicheka.

Kurudi, namkuta mwanangu anaruka kamba nyuma ya meza. Anaruka na kuimba, pumzi inamtosha.

Naogopa kesho watalirudisha. Wakilirudisha, nitalibeba tena.