Kabla Mashine Haijajua Kifaransa

Mpendwa Baba,

Jumamosi iliyopita nilibandika karatasi yako ukutani, ile ambayo hukuimaliza. Ninakuandikia kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine jinsi ilivyofika pale. Watu wanaosoma ukuta wetu nao wanauliza, na mimi sipendi kueleza kitu kimoja mara nyingi. Basi barua hii itakaa hapo hapo, kati ya bei za fotokopi na tangazo la kwaya.

Tangu uondoke nilikuwa sijalia. Mama aliniangalia wakati wa kula kana kwamba kuna kitu ameniachia jikoni na anangoja kiive. Shangazi walilia, wanakwaya wenzako walilia, wafanyakazi wa reli walivua kofia wakalia. Mimi nilipanga viti. Baadaye nikarudi kufundisha, nikafungua duka, nikafunga duka. Mikono inafanya kazi yake vizuri. Mtu akinisalimia ninasikia sauti yangu ikijibu, nami ninashangaa kidogo kwamba imejua la kusema.

Unakumbuka kompyuta ya kwanza? Ofisi moja hapa mjini ilikuwa imeitupa nje, na wewe, fundi wa simu za reli, hukuweza kuona kitu chenye waya kikilowa mvua. Uliifunga kwa mipira nyuma ya baiskeli. Mimi nilitembea kando nikiishikilia skrini isianguke, nimevaa sare ya shule, na watoto wa mtaa wetu wa reli wakatufuata kama tunabeba mfalme. Mama alisimama mlangoni.

"Sasa hii njo mushahara?"

"Hii njo mutoto mwengine," ukamjibu. "Na huyu hakulake hata ugali."

Haikuweza kubeba Windows, ilikuwa imezeeka mno. Ndiyo maana ukaitafutia Linux. Ulipofahamu kwamba mfumo huo umeandikwa na watu waliotawanyika duniani kote, kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuutazama ndani, kuurekebisha na kumpa jirani, uliweka bisibisi chini. Halafu ukaniambia, "Haina mwenyewe. Ni kusema iko yetu."

Hapo ndipo karatasi ilipoanzia. Kila Jumamosi, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, umebandikwa ukutani mwa duka letu la fotokopi karibu na stesheni. Juu habari: toleo gani limetoka, programu gani imepata tundu na imezibwa vipi. Chini somo: jinsi ya kuunganisha printa, jinsi ya kufufua kompyuta iliyochoka. Mtandao wa hapa haukutosha kupakua mambo mazito, kwa hiyo rafiki yako mmoja wa Lubumbashi alijaza kila kitu kwenye diski, akamkabidhi mkuu wa treni, naye akaileta ndani ya mfuko wake wa chakula. Diski zetu zilinuka samaki mkavu. Na treni, unaijua, inafika siku inayotaka yenyewe.

Papa Gishe, yule mzee aliyekuwa akiuza tiketi, alikuja kila Jumamosi kusoma, ingawa hana kompyuta. Alisoma kwa sauti, kidole ukutani, kisha akageuka.

"Mais Papa, hii habari iko ya zamani! Kule Lubumbashi balishaisahau!"

Na wewe, bila kuinua macho kwenye kazi yako, "Ilikuya na treni."

Watu wakacheka. Walicheka kila mara kama ni mara ya kwanza. Hapa kwetu jibu hilo linatosha kwa karibu kila kitu.

Kabla ya kubandika somo ulilijaribu kwangu. Ulinikalisha mbele ya mashine, ukaniwekea karatasi, ukasimama nyuma yangu mikono mgongoni, ukikatazwa na sheria yako mwenyewe kusema neno. Nikikwama, uliandika upya. "Kama weye unaelewa, bantu bote bataelewa," ulisema. Nilikwisha kupata diploma yangu ya informatiki na bado ulisema hivyo. Nilikasirika kwa ajili ya desturi tu. Nilipenda kuwa mtu wa kwanza kukosea.

Sasa nifike mahali ambapo wewe hupo tena.

Mashine yako ya mwisho uliifunga yote, diski nzima, kwa neno la siri. Neno hilo huulizwa mara moja tu, mashine inapowashwa, na wewe hukuwa ukiizima. Ilikaa chumbani kwako ikipumua juu ya betri ya sola, mwaka baada ya mwaka. Karatasi zote zilikuwa humo. Nakala za ukutani tulizichana kila zilipopauka kwa jua, kwa hiyo mahali pengine hazikuwepo.

Hospitalini, mchana ule wa joto, ulinivuta mkono.

"Masini iko na funguo. Weye njo utachunga karatasi. Andika bituo, kuanzia Bukama mpaka kwetu. Herufi ndogo. Usiache nafasi."

Bukama, Luena, Kamina. Ulinifundisha vituo hivyo kabla sijajua kuandika. Ulivitaja ukinifunga viatu vya shule, na ukifika Kamina fundo lilikuwa tayari. Nilikujibu, "Ndiyo Baba." Hatukuzungumza tena jambo la maana baada ya hapo. Uliomba maji, ukauliza kama duka limefungwa.

Wakati wa kilio, yaani matanga yako, uwanja wetu ulijaa watu, na watu wana simu. Mtu mmoja alichomeka ya kwake kwenye betri yako, mwingine akaongeza waya, na mwisho simu zilining'inia ukutani zikimeta. Sikuwaza kuzizuia. Wageni wanatoka Malemba-Nkulu, wanataka kuwaambia wa nyumbani kwamba wamefika salama. Nilikuwa ninagawa ugali nilipogundua kwamba kuna sauti haipo. Feni ya mashine yako ilikuwa imenyamaza, betri imekwisha. Nikaendelea kugawa ugali.

Wageni walipoondoka niliiwasha. Ikaniuliza neno la siri. Nikaandika bukamaluenakamina. Herufi hazionyeshwi pale, ni vinyota tu. Ikakataa. Nikaandika polepole, kidole kimoja. Ikakataa. Nikajaribu kuongeza kituo cha Tenke mbele, nikajaribu herufi kubwa, nikajaribu kwa mpangilio wa kurudi. Ikakataa yote kwa upole uleule.

Baba mukubwa, kaka yako, alinikuta pale. Si mtu mbaya, Baba. Alikaa kitandani kwako akapumua.

"Muntu wa homa anasema byote. Usijichokeshe, mutoto wangu."

Halafu akanieleza jinsi vitu vyako vitakavyogawanywa siku ya kumaliza kilio, kama ilivyo kawaida yetu. Koti kwa mdogo wako, baiskeli kwa mpwa wako, kompyuta kwa mwanawe yeye mwenyewe, anayesoma Lubumbashi.

"Tutafuta byote, tuweke Windows. Itakuwa mupya kabisa."

"Sawa, Baba mukubwa," nikasema.

Sikuona hasira popote ndani yangu, na nilitafuta. Kulikuwa na wazo moja tu, lililorudi nikipiga mswaki, nikisahihisha mitihani. Labda homa ndiyo iliyosema. Labda ulinishika mkono ukidhani ni mtu mwingine. "Weye njo utachunga karatasi." Kama funguo hazikuwa za kweli, basi na sentensi iliyotangulia sikuwa na haki ya kuishika.

Zilipobaki siku chache kabla ya ugawaji, Mama Sekretere aliingia dukani. Unamfahamu, yule wa ofisi ya shule, ambaye wewe ulimwekea Linux akakulaumu mwezi mzima kisha akakuletea kuku. Alikuwa amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mgonjwa.

"Masini yangu ilizimika, sasa inakatala modepasi. Miye siko mujinga, neno yangu ya siri ninaijua!"

"Mama, inauliza pale mwanzo, kabla ya picha kuonekana?"

"Eee, pale kwenye kunakuwa nyeusi."

"Pa A bonyeza Q. Pa M bonyeza virgule, ule mukato."

Akabonyeza, akinong'ona neno lake ambalo mimi nilijifanya silisikii. Picha ikatokea. Akapiga meza kwa kiganja.

"Mais weye! Unasema kama baba yako kabisa, bila hata kuangalia muntu!"

Akaondoka. Nikaweka karatasi kwenye mashine ya fotokopi kwa ajili ya mteja aliyefuata. Ilikuwa inapata moto, taa yake ya njano ikiwakawaka, nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi. Pa A bonyeza Q.

Somo lile nililijaribu mimi. Nilikaa kwenye kiti, wewe mikono mgongoni, nami nikagonga mlango wa mashine mpaka nikataka kuipiga ngumi. Ulicheka ukashindwa kutii sheria yako. "Kabla haijaamka muzuri, masini haijue Kifaransa. Inajua Kiingereza tu." Sisi hapa sote tunaandika kwa kibodi ya Kifaransa. Lakini pale mwanzoni kabisa, kabla mfumo haujapanda wote, mashine hudhani ina kibodi ya Kiingereza, ambayo A yake iko mahali pa Q yetu, na M yake mahali pa mkato wetu. Bukama, Luena, Kamina: vituo vyote vitatu vina A, na viwili vina M. Neno lako lilikuwa sahihi. Kila nilipobonyeza, nilikuwa ninampa mtu jina ambalo bado hajajifunza kulisoma.

Nilimpa mteja karatasi zake. Nikafunga duka mchana, jambo ambalo hukuwahi kunifundisha.

Mama alikuwa chumbani kwako akikunja mashuka. Nilikaa, nikawasha, nikabonyeza. Ikafunguka.

"Ni nini?" Mama akauliza, kwa sababu sikutikisika.

"Hakukuwa anaota, Mama. Aliniambia ya kweli."

"Nani alisema alikuwa anaota?" akasema, akaendelea kukunja.

Karatasi zote zilikuwa humo, zimepangwa kwa miaka. Ya mwisho ilikuwa nusu. Juu uliandika habari ya toleo jipya, ambalo sasa watu wa mbali wamekwisha kulizoea. Chini uliandika somo, na somo lilikuwa hili: jinsi ya kuhifadhi nakala. "Wapendwa wasomaji," uliandika, "musingoje mashine iwafundishe kwa machozi. Kila kazi iwe mahali pawili." Wewe, ambaye kazi yako yote ilikuwa mahali pamoja. Nilitaka kukucheka, Baba. Mdomo ulijaribu.

Basi nikafanya kama zamani. Nikaweka somo lako mbele yangu na kulifuata. Chomeka diski ya pili. Nikachomeka ile ya treni, bado inanuka. Hakikisha mashine imeiona, nikahakikisha. Fungua dirisha la amri, nikafungua. Na pale, kwenye amri ya kunakili, ukaandika "Sasa andika rsync, halafu" na hakuna kitu tena. Kishale kilikuwa kinapepesa baada ya neno hilo.

Nilisubiri. Sijui nilisubiri nini. Nyuma yangu hakukuwa na mtu mwenye mikono mgongoni, ila Mama na mashuka. Halafu nikaandika yaliyobaki, kwanza kwenye amri, kisha kwenye karatasi, kwa maneno ambayo wewe ungeyatumia, nikayakata yale marefu. Majina ya faili yakaanza kupita kwenye skrini, moja chini ya jingine, kama mabehewa.

Siku ya kumaliza kilio Baba mukubwa alichukua mashine. Nilimwachia. Nilimwambia kwamba ndani hamna kitu tena, nami nilikwisha kuifuta kwa mkono wangu na kuweka Linux mpya. Mwanawe akisha kuitumia kidogo, aamue mwenyewe. Akatikisa kichwa. "Weye na baba yako!" Ndivyo alivyosema, "weye na baba yako", kana kwamba tuko wawili bado.

Jumamosi nikabandika. Sikuandika jina langu. Kufika katikati ya asubuhi, ukuta ulikuwa na watu: Mama Sekretere, madereva wawili wa moto, zile pikipiki za abiria, wanaosoma chochote, na Papa Gishe na kidole chake. Alisoma habari yote kwa sauti mpaka mwisho. Akageuka kuelekea ndani ya duka, kisha akakumbuka. Mzee wa watu alikuwa amekwisha kufungua mdomo.

"Sema, Papa," nikamwambia.

"Mais..." Akasafisha koo. "Mais hii habari iko ya zamani."

Nilikuwa nimeinama kwenye fotokopi. Sikuinua macho.

"Ilikuya na treni," nikasema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu Mama Sekretere akaanza, na Papa Gishe akaanza, na wale wa moto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Mimi niliendelea kulisha karatasi kwenye mashine. Zilikuwa zinatoka na matone yaliyodondoka usoni kwangu, ikabidi nizirudie.

Pumzika, Baba. Duka nimelifunga vizuri.

Mimi binti yako,
uliyekuwa ukimjaribia masomo